Maswali Yenu: Pepo Katika Nyumba za Watawa

Toleo lililopita liligusia kwa aya moja tu kisa cha Padre Urbain Grandier, aliyechomwa moto akiwa hai mjini Loudun, magharibi mwa Ufaransa, mwaka 1634, kwa kosa la kuwaroga watawa wa kike wa mji huo. Aya ile moja imetuletea barua nyingi kuliko makala yote yaliyoizunguka. Tumechagua tano, na majibu hayatalingana kwa urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

*Mwalimu, shikamoo. Mliandika kwamba waliopagawa ni masista, lakini aliyechomwa moto ni padre. Nimesoma mara mbili nikidhani ni kosa la uchapaji. Ikiwa pepo walikuwa ndani ya masista, adhabu ilimwendeaje mtu mwingine? — Mwanafunzi wa kidato cha sita*

Marahaba. Uchapaji uko sawa, na swali lako limegusa mahali penyewe.

Wanateolojia na mahakimu wa Ulaya ya karne ya 16 na ya 17 waliwatenganisha watu wawili ambao sisi leo hupenda kuwachanganya. Aliyepagawa alikuwa mtu aliyeingiliwa mwilini bila ridhaa yake, kwa hiyo alistahili kuombewa, kulishwa na kuonewa huruma. Mchawi alikuwa mtu aliyefanya mapatano na shetani kwa hiari yake, kwa hiyo alistahili kufa. Yalipokutana haya mawili, yaani ilipoaminika kwamba mchawi anaweza kumtuma pepo amwingie mtu asiye na hatia, ibada ya kupunga pepo iligeuka kuwa upelelezi wa jinai. Padre aliyesimama mbele ya sista akitetemeka sakafuni hakumuuliza pepo jina lake tu. Alimuuliza pia nani amemtuma. Jina lililotoka katika kinywa kile lilipelekwa kwa hakimu.

Loudun haikuwa ya kwanza. Mjini Aix-en-Provence, Madeleine Demandols, mtawa kijana wa shirika la Waursula, alipungwa pepo pamoja na mwenzake Louise Capeau mbele ya Sébastien Michaelis, Mdominiko aliyekuwa na cheo cha kuhukumu wazushi. Pepo aliyesemekana kuwa ndani ya Louise alimtaja Padre Louis Gaufridy wa Marseille, ambaye alikuwa mshauri wa kiroho wa Madeleine, kuwa ndiye mkuu wa wachawi. Gaufridy alichomwa moto tarehe 30 Aprili 1611. Miaka miwili baadaye Michaelis alichapisha habari yote katika kitabu, nacho kikasomwa sana. Ninakitaja kwa sababu kisa cha Loudun kinafanana mno na cha Aix, kana kwamba wahusika walikuwa na mchezo ulioandikwa tayari, wakabadilisha majina tu.

Sasa tumtazame Grandier. Alikuwa paroko wa Saint-Pierre, mtu wa sura nzuri, msemaji hodari, mwenye ulimi mkali na udhaifu kwa wanawake. Ilisadikiwa mjini kwamba alimpa mimba binti wa mwendesha mashtaka wa mfalme, jambo lililomfanya awe na maadui wenye vyeo. Mama Mkuu wa Waursula, Jeanne des Anges, aliposikia sifa zake alimwomba awe mshauri wa kiroho wa nyumba yake. Grandier alikataa. Nafasi ikachukuliwa na Kanoni Mignon, aliyekuwa upande wa maadui wale. Angalia vizuri: padre huyu alihukumiwa kwa kuwaroga wanawake wa nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Mambo yalianza Septemba 1632, tauni ilipokuwa imetoka tu kuupiga mji. Masista walisema usiku wamemwona marehemu muungamishi wao akizunguka vyumbani. Baada ya siku chache mzuka ule ukawa na uso wa Grandier. Ikatajwa pia shada ya waridi iliyookotwa ndani ya nyumba. Aliyeinusa alianza kupiga kelele. Mwishoni mwa mwaka Askofu Mkuu wa Bordeaux, Henri de Sourdis, aliingilia kati, akaamuru wagonjwa watengwe, wachunguzwe na madaktari, na ibada za hadharani zikome. Zilipokoma, pepo nao walitulia kwa miezi kadhaa.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini mwaka 1633 aliwasili Jean Martin de Laubardemont, mjumbe wa mfalme, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa kusimamia ubomoaji wa ngome ya Loudun, na ambaye kwa bahati mbaya ya Grandier alikuwa na udugu na Jeanne des Anges. Grandier alihesabiwa miongoni mwa waliopinga ubomoaji, tena alishukiwa kuandika kijitabu cha kumtukana Kardinali Richelieu, waziri mkuu wa mfalme. Alikamatwa Desemba, akahukumiwa na jopo maalumu lisilokatiwa rufaa, akasagwa miguu kwa mateso, na hakukiri. Alichomwa moto tarehe 18 Agosti 1634.

*Mimi ni Mkatoliki na nina dada mtawa. Naomba mnieleze bila kejeli: kwa nini mambo haya yalizuka zaidi katika nyumba za masista? Wanawake wale walikuwa waigizaji, wagonjwa, au kweli waliingiliwa? — Msomaji wa siku nyingi*

Kejeli haitakuwepo, ndugu msomaji, maana anayewacheka wanawake wale huwa hajakaa akayafikiria maisha yao.

Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, katika kikao chake cha mwisho cha Desemba 1563, uliagiza nyumba zote za watawa wa kike zifungwe kwa ugo, na Papa Pius V akaikaza amri hiyo mwaka 1566. Waursula walikuwa mfano mchungu. Angela Merici alipolianzisha kundi lao mjini Brescia mwaka 1535 aliwakusanya wanawake walioendelea kuishi makwao na kutoka kwenda kufanya kazi. Nchini Ufaransa, kuanzia 1612, wakaingizwa ndani ya kuta kama watawa wengine, wakiwafundisha mabinti wakiwa nyuma ya mlango ambao funguo zake hazikuwa mikononi mwao. Mgeni walizungumza naye kupitia wavu wa chuma.

Tena si wote waliokwenda kwa wito. Mahari ambayo baba alimtolea binti anayeolewa katika familia ya hadhi ilikuwa kubwa kuliko ile iliyodaiwa na nyumba ya watawa, kwa hiyo mwenye mabinti wanne alifanya hesabu zake. Mtaguso ulidai ridhaa ya binti na umri usiopungua miaka 16 kabla ya nadhiri, lakini ridhaa ya msichana aliyelelewa akiambiwa tangu utoto kwamba yeye ni wa monasteri ina uzito gani? Arcangela Tarabotti, aliyefungwa katika monasteri ya Venice bila wito, alitumia maisha yake kuandika dhidi ya akina baba waliofanya hivyo.

Ndani ya ugo ule sista alifundishwa kuchungua kila wazo linalompitia, ajue limetoka kwa Mungu au kwa adui. Alifunga, alikatisha usingizi kwa sala za usiku, na aliungama kwa mwanamume mmoja ambaye ndiye karibu pekee aliyejua yaliyomo moyoni mwake. Alipoona ndani mwake hasira, tamaa au chuki ya sala, jina la jambo hilo lilikuwa limekwisha kuandaliwa: adui.

Na hapa nitasema ninaloliamini baada ya kuzisoma habari hizi kwa miaka. Sista aliyeapa utii hakuweza kumpigia kelele Mama Mkuu wake, wala kukataa kusali, wala kumwambia askofu kwamba amechoka. Pepo aliweza. Pepo alitukana, alitema, alivunja, alitaja tamaa za mwili mbele ya watu, na hakuna hata neno moja lililoandikwa katika hesabu ya dhambi za sista. Mabwana wakubwa ambao wasingempa mtawa wa mji mdogo robo saa ya muda wao walisafiri kwenda kumsikiliza Leviathan na Isacaaron, baadhi ya pepo waliosemekana kukaa ndani ya Jeanne des Anges. Mwaka 1635 alikuja hata Gaston d'Orléans, ndugu wa mfalme.

Je, huo ni uigizaji? Sehemu yake, labda. Jeanne mwenyewe katika kumbukumbu za maisha yake aliandika kwamba mara nyingine alimfungulia pepo mlango kwa kuridhika na aliyoyafanya. Mwaka 1886 madaktari wafuasi wa Charcot, bingwa wa magonjwa ya neva wa Paris, walizichapisha kumbukumbu hizo kama ushahidi wa histeria, na tangu hapo wengi hudhani swali limejibiwa. Mimi sioni kwamba neno lile la kitabibu linaeleza mengi kuliko neno pepo. Limebadilisha tu anayeitwa kuja kumtazama mgonjwa. Wala shida haikuwa ya wanawake peke yao. Mjesuti Jean-Joseph Surin, msomi na mtu wa sala, alifika Loudun Desemba 1634 kumponya Jeanne, akaomba mateso yake yamhamie yeye, na yakamhamia. Kwa karibu miaka 20 alikuwa mgonjwa, muda mwingine hakuweza kuandika wala kutembea sawasawa, na mwaka 1645 alijirusha dirishani akavunjika paja. Hakuna anayeigiza kwa kiasi hicho.

*Wasomi walikuwepo, madaktari walikuwepo. Hivi hapakuwa na hata mmoja aliyetilia shaka? — Mfamasia mstaafu*

Walikuwepo, na wengine wao walikuwa ndani ya Kanisa lenyewe. Kitabu cha ibada kilichotolewa Roma mwaka 1614, *Rituale Romanum*, kinaanza sehemu ya kupunga pepo kwa kumwonya padre asiamini upesi kwamba mtu amepagawa. Kisha kinatoa dalili za kutafuta, miongoni mwazo mtu kusema au kuelewa lugha asiyoijua, kufichua mambo ya mbali na ya siri, na kuwa na nguvu zilizopita umri na maumbile yake.

Dalili ya lugha ndiyo iliyowaaibisha watu wa Loudun. Padre aliuliza kwa Kilatini, na pepo alitakiwa ajibu kwa Kilatini. Alipoulizwa anamwabudu nani, Mama Mkuu alijibu kwa kulitaja jina la Yesu Kristo lakini kwa umbo lisilokubaliana na swali, kosa la kiwango cha mtu anayesema "watoto yangu" akidai kwamba Kiswahili amezaliwa nacho. Waliosoma shule wakacheka: pepo huyu amefeli sarufi. Wapunga pepo walikuwa na jibu, kwamba pepo hutofautiana kwa elimu, na wengine hukosea makusudi ili kuwatia watu mashaka. Ukisikia jibu la namna hiyo, ujue kwamba hakuna jaribio lolote litakaloweza kuliangusha.

Marc Duncan, daktari kutoka Scotland aliyefundisha Saumur, aliandika mwaka 1634 kwamba haoni pale zaidi ya huzuni iliyozidi na nguvu ya mawazo. Miaka tisa baadaye, pepo walipozuka mjini Louviers, Malkia Anne alimtuma daktari Pierre Yvelin, naye akarudi na mashaka yaleyale.

Lakini shaka iliyokuwa na uzito zaidi ilikuwa ya kisheria. Injili ya Yohana, sura ya 8, inamwita Ibilisi mwongo na baba wa uongo. Inawezekanaje basi neno lake litumike kumpeleka mtu motoni? Wapunga pepo wa Loudun walijibu kwamba pepo aliyelazimishwa kwa jina la Mungu na mamlaka ya Kanisa hana budi kusema kweli. Wanateolojia wengi wa wakati ule, wa Paris na kwingineko, hawakulikubali fundisho hilo. Kesi ya Grandier ilisimama juu yake. Kulikuwa na mashahidi wengine na karatasi nyingine, ikiwemo ile ya ajabu ambayo hadi leo imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa mjini Paris, mkataba wa Kilatini ulioandikwa kinyumenyume kama maandishi yanayotazamwa kwenye kioo, ukiwa na sahihi za Shetani, Beelzebub na wenzao. Lakini ondoa maneno ya pepo, na hakuna kesi ya uchawi inayobaki.

Kuna jambo moja la kiangazi cha 1634 ambalo kila nikilisoma hunikaa kooni. Baadhi ya masista walianza kusema hadharani, kwa sauti zao wenyewe, kwamba wamemsingizia mtu asiye na hatia. Inasimuliwa katika maandishi ya karne ileile kwamba Jeanne des Anges naye alitoka uani akiwa na vazi lake la ndani tu, kichwa wazi, kamba shingoni na mshumaa mkononi, akapiga magoti mbele ya Laubardemont akitangaza kwamba amemkosea Grandier, kisha akaenda kuifunga kamba ile kwenye mti bustanini, na wenzake wakamwahi. Jibu alilopewa ni kwamba hayo ni maneno ya shetani anayetaka kumwokoa rafiki yake. Yaani pepo aliposema kwa kinywa cha mwanamke, alikuwa shahidi. Mwanamke aliposema kwa kinywa chake, alikuwa pepo. Julai ya mwaka huohuo tangazo lilibandikwa mjini likikataza mtu yeyote kuwasema vibaya watawa na wapunga pepo, faini ikiwa livre (fedha ya Ufaransa ya wakati ule) 10,000.

*Je, iko kesi ambayo mtawa mwenyewe alihukumiwa kuwa mchawi? Au siku zote lawama ilimwangukia mwanamume? — Mwanasheria kijana*

Ipo, na zaidi ya moja. Kule Louviers, Normandi, Madeleine Bavent alishtakiwa na masista wenzake. Mwaka 1643 askofu wa Évreux alimvua shela na kumhukumu kifungo cha maisha. Lakini hata hapo mwanamume alitafutwa, na kwa kuwa mshukiwa mkuu, Padre Mathurin Picard, alikuwa amekwisha kufa, askofu aliagiza maiti yake ifukuliwe kwa siri kutoka kaburi lake ndani ya kanisa la watawa na kutupwa shimoni. Ndugu zake walikwenda mahakamani kudai heshima ya marehemu wao, na kwa kudai hivyo wakaichochea kesi ambayo pengine ingejifia. Agosti 1647, mjini Rouen, Thomas Boullé aliyekuwa msaidizi wa Picard alichomwa moto akiwa hai, na mabaki ya Picard yakachomwa pamoja naye. Madeleine alifia gerezani.

Wewe kama mwanasheria linganisha na Auxonne, mkoa wa Bourgogne, ambako kuanzia 1658 Waursula walimshtaki Barbe Buvée, mwenzao aliyewahi kuwa na madaraka ndani ya nyumba. Dalili zilikuwa zilezile, kelele zilezile, na madaktari hawakukubaliana. Ila Mahakama Kuu ya Dijon haikukubali kwamba maneno ya waliopagawa yatoshe kumwangamiza mtu, na Barbe akaachiwa. Huko Hispania, katika monasteri ya San Plácido mjini Madrid, sehemu kubwa ya watawa walipagawa katika miaka ya 1620, tena pepo wao walitabiri mambo makubwa kuhusu mageuzi ya Kanisa. Baraza la Kuhukumu Wazushi liliwakamata muungamishi Francisco García Calderón, Mama Mkuu Teresa Valle de la Cerda na baadhi ya masista, likaliita jambo hilo uzushi na udanganyifu wa kiroho, na hakuna aliyechomwa moto. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba katika mambo haya chombo kile cha kutisha cha Hispania kilikuwa na uangalifu kuliko mahakimu wa mfalme wa Ufaransa.

Kesi iliyochelewa kuliko zote tulizozitaja ni ya Maria Renata Singer, makamu wa Mama Mkuu wa monasteri ya Unterzell karibu na Würzburg, Ujerumani. Alipelekwa huko akiwa msichana bila kupenda, akakaa miaka 50. Alipokuwa na umri wa karibu miaka 70, sista mmoja aliyekuwa kitandani akielekea kufa alimtaja kuwa mchawi, na pepo wa masista wengine wakathibitisha. Alikatwa kichwa na mwili wake ukachomwa Juni 1749, wakati ambapo nchini Ufaransa amri ya Louis XIV ya mwaka 1682 ilikuwa imekwisha kuugeuza uchawi kuwa kosa la utapeli na makufuru.

*Nini kilimpata yule Mama Mkuu wa Loudun? — Mama wa watoto watatu*

Pepo wake waliondoka mmoja mmoja kati ya 1635 na 1637, wakiacha juu ya mkono wake wa kushoto majina ya Yesu, Maria, Yosefu na Fransisko wa Sales, yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu. Mwaka 1638 alifanya safari ndefu nchini akiuonyesha mkono huo. Umati ulijipanga kuutazama, Richelieu alimpokea, na mfalme na malkia pia. Alikuwa na shati ambalo alisema lina matone ya mafuta aliyopakwa na Mtakatifu Yosefu, na Malkia Anne alipojifungua Septemba mwaka huo, mtoto akiwa ndiye Louis XIV, shati lile lilikuwa limeletwa kumsaidia. Kisha akarudi Loudun, akaendelea kuiongoza nyumba yake hadi alipofariki mwaka 1665, akiwa na sifa ya mwanamke mtakatifu.

Mei 1645 msafiri mmoja aliyeitwa Balthasar de Monconys alipita kumwona. Alisubiri zaidi ya nusu saa kabla Mama Mkuu hajafika kwenye wavu, akaomba auone mkono, akapewa. Herufi zilikuwa zimeiva wekundu kama damu. Walipoendelea kuzungumza aliona wekundu ule umefifia na ngozi kama inabanduka, basi alipokuwa akiaga aliushika tena mkono, na kwa ncha ya ukucha akabandua kipande cha mguu wa herufi M katika jina la Maria. Sista alishtuka. Monconys aliandika kwamba ameridhika, akaenda zake.